Ng'ambo ya Maji Yaliyofukiwa

Bamvua likijaa sawasawa, uwanja wa Mnazi Mmoja hutota maji ya chumvi hata kama mvua haijanyesha mwezi mzima. Mgeni atatazama juu kutafuta wingu. Sisi tuliozaliwa Ng'ambo hatutazami juu. Twajua maji yamekwenda kwao kutembea.

Kwao, kwa sababu pale palikuwa bahari. Mji wa Unguja, huu ambao siku hizi tumefundishwa kuuita Mji Mkongwe, ulikaa juu ya ulimi wa ardhi, na nyuma yake lilipita hori lililoingia kutoka Funguni upande wa kaskazini, likateremka hadi Mnazi Mmoja. Maji yakijaa, mji ulikuwa kama kisiwa. Yakitoka, lilibaki tope na kaa, watu wakakunja nguo wakavuka kwa miguu. Waliokaa upande wa pili wakaambiwa wako ng'ambo, na jina likawaganda wao, watoto wao na wajukuu zao. Likajengwa daraja, pakaitwa Darajani. Leo daraja halipo na maji hayapo, lakini utingo wa daladala bado anapiga kelele "Darajani! Darajani!", na mtu akitoka Rahaleo kavaa kanzu iliyopigwa pasi huulizwa, "Unakwenda Mjini?" Kana kwamba Rahaleo ni shamba.

Nimepima ardhi ya kisiwa hiki miaka 35. Nilianza 1979, kijana wa miaka 19, kazi yangu kushika ncha ya mnyororo, kubeba vigingi na kufukuza mbuzi mbele ya darubini. Nikapanda hadi meza ya kuchora ramani, nikastaafu 2014. Katika miaka hiyo imepita mikononi mwangu, mmoja baada ya mwengine, michoro ya karibu kila mtu aliyewahi kutumwa kuitengeneza Ng'ambo. Wote walikuwa na nia njema. Sina ugomvi nao. Ila nyumba ya bibi yangu haimo katika mchoro hata mmoja, na kwa hiyo huwa nazisoma karatasi zao kwa jicho la mtu anayetafuta kitu chake.

Wa kwanza wao, kwa hesabu yangu, ni Mwingereza H. V. Lanchester, ambaye alikuwa amekwisha panga miji India kabla ya kuja huku. Ripoti yake ya Unguja ilitoka 1923. Alipofika, kipande cha kusini cha hori kilikuwa kimefukiwa tangu 1915 na kufanywa viwanja vya michezo. Wazungu wakicheza kriketi pale, na nyuma ya viwanja ndiyo kwanza inaanza Ng'ambo. Maji yaliondoka, pakabaki uwanja mpana. Na uwanja mpana nao ni maji, ukiwa mwenyewe huruhusiwi kucheza. Sehemu iliyobaki ya hori ikaendelea kumezwa kidogo kidogo kwa kifusi na taka, mpaka ikabaki kinamasi karibu na pale ilipokuja kujengwa Hoteli ya Bwawani. Juu ya hori hilo ikapita barabara ambayo Waingereza waliiita kwa jina la hori lenyewe. Leo ni Barabara ya Benjamin Mkapa.

Hapo ndipo pa kushangaza. Kilichounganisha pande mbili hizi hakikuwa mchoro. Kilikuwa soko. Soko la Darajani lilifunguliwa 1904, na tangu siku hiyo mtu wa Ng'ambo alikuwa na sababu ya kuvuka kila asubuhi, na mtu wa Mjini alikuwa na sababu ya kuja kumngoja. Bibi yangu alivuka na samaki. Bibi wa rafiki yangu wa Kihindi wa Mkunazini alivuka nusu ya njia kuwanunua. Walikutana pale miaka arubaini. Hakuna mtaalamu aliyewaunganisha.

Ng'ambo yenyewe ilijaa vipi? Ramani ya Mwaustria Oscar Baumann ya 1892 inaionesha tayari ni mji, si kambi. Walikuwepo wapagazi wa misafara ya bara, mafundi, wavuvi, Wangazija, Wamanyema, na baada ya utumwa kufutwa kisheria 1897 wakaongezeka walioacha mashamba ya karafuu wakaja kutafuta maisha yasiyo na bwana. Ukitaka kuijua historia yao, soma majina ya mitaa, maana hawakuacha kingine cha maandishi. Kisiwandui, walikotengwa wagonjwa wa ndui. Kikwajuni, kwenye mkwaju. Michenzani, kwenye michenza. Mchangani, ambako mchanga wa hori bado unatoka ukichimba msingi futi tatu, nami nimeuchimba.

Walijenga kwa udongo, fito na boriti za mikoko, paa la makuti. Mwenye kupata akapaka chokaa, mwenye kupata zaidi akaezeka kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa. Nyumba ilikuwa yako, ardhi ilikuwa ya mwengine: ya tajiri, au ya wakfu. Zamani mwenye kiwanja alimwacha mtu akae kwa kodi ndogo au bila ya kodi, kwa heshima, kwa ujirani, kwa sababu ya uhusiano wa kale baina ya aliyekuwa bwana na aliyekuwa mtumwa. Baadaye heshima ikageuka fedha. Mwaka 1928 kodi za viwanja zilikuwa zimepanda mpaka watu wa Ng'ambo wakagoma kulipa, mtaa baada ya mtaa, na serikali ikabidi itunge sheria ya kuzibana kodi hizo. Mwaka huohuo Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyekuja kuishi Ng'ambo, alisafiri kwenda Bombay kurikodi sahani za santuri, na sauti ya upande wa pili wa hori ikasikika katika nyumba za mawe zilizokuwa zikiufungia dirisha upande huo. Watu wasomi huiita Ng'ambo ya zama hizo mtaa wa makabwela. Sawa. Lakini makabwela hao waliweza kuishinda serikali kwa mgomo na kuipatia pwani nzima muziki wake.

Nilijifunza mpango wa Ng'ambo ya kale kwa miguu. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa hapimi kichochoro mpaka kwanza akitembee mara mbili, kwenda na kurudi. Akanionesha kwamba milango haitazamani. Mlango wa huyu umepishana na wa jirani kwa hatua mbili tatu, ili mtu akifungua asione ndani ya nyumba ya mwenzake. Akanionesha kuwa upana si wa kubahatisha. "Jeneza lipite," alisema, "na watu wanne walolibeba, wala bega lisikwangue ukuta." Nikipima, nilikuta futi saba, futi saba na nusu. Njia ilikata kona pale palipokuwa na mti au kisima, na penye kona hiyo palikuwa na barza, na penye barza palikuwa na muuza kahawa. Hakuna aliyeliandika hilo katika kanuni yoyote. Nimesoma vitabu vya Kizungu vinavyoita hali hii vurugu.

Baada ya Lanchester walikuja Kendall na Mill na mpango wao wa 1958. Nimeusoma, ni mpango wa watu waliokuwa wakijua kwamba karibu wataondoka. Kitu kimoja walichoacha Waingereza Ng'ambo chenye faida ni jengo la Rahaleo la miaka ya 1940, lenye ukumbi, ambalo baadaye likawa na studio za redio. Wakoloni walikusudia watu wapate mahali pa kujistarehesha wasiende kufanya siasa. Januari 1964 sauti ya John Okello ikatoka hapohapo kutangaza Mapinduzi.

Sasa nifike kwa Mzee Karume, rais wetu wa kwanza baada ya Mapinduzi, na hapa nitakwenda polepole maana ndipo ilipo nyumba ya bibi.

Mapinduzi yaliahidi kuwa mtu wa Ng'ambo naye atakaa nyumba ya maana. Ujerumani ya Mashariki ilikuja kusaidia, na majumba ya mwanzo yakasimama Kikwajuni. Mwaka 1968 mtaalamu wao Hubert Scholz akatoa mpango wa mji mzima. Lakini kilichojengwa Michenzani kilipita fikra za karatasi. Karume alitaka mji mpya unaoonekana, na alitaka auone yeye. Zikakatwa barabara mbili pana zinazopishana kama msalaba katikati ya Ng'ambo, na pembezoni mwake yakapangwa majumba marefu ya saruji, marefu kwa urefu wa kulala kuliko wa kusimama, kila moja kama gari moshi lililotia nanga. Ndiyo maana watu wameyaita matreni. Watu walitoka kwa zamu kufanya kazi za ujenzi wa taifa, mchanga ukipitishwa karai kwa karai.

Mimi nilikuwa na miaka kumi. Nyumba yetu ilikuwa na ukumbi, vyumba vinne, uwani penye mpera na kisima tulichoshirikiana na nyumba tatu. Barza yake ilitazama njia inayokwenda Darajani, na bibi alikaa pale alasiri akisuka ukili. Walikuja watu na chokaa, wakapiga alama nyeupe ukutani. Bibi alidhani wanapulizia mbu. Mwezi wa pili wake akapewa funguo ya fleti ghorofa ya tatu, bila ya kulipa hata senti moja, na hilo nalisema kwa shukurani: alikuwa mjane, mtoto wa mjakazi, na serikali ilimpa nyumba ya mawe. Siku aliyoingia alilia kwa furaha. Aligusa ukuta akasema umenyooka kama wali wa bakuli.

Furaha ilidumu. Wanaosema wazee walichukia majumba yale hawakuwepo. Choo cha ndani, taa ya umeme, dirisha la kioo! Ila taabu ilikuja kwa mlango mwengine. Maji yalipanda mpaka ghorofa ya kwanza, siku njema ya pili, na sisi tukabeba ndoo. Mbuzi wakatafutiwa ndugu wa shamba. Mwiko wa kusonga ugali ulisikika chini kwa jirani kama ngoma. Na barza haikuwepo. Bibi aliteremka na mkeka wake akakaa chini ya ngazi, juu ya saruji, akisuka ukili pale pembeni ya barabara pana ambayo miaka hiyo haikuwa na gari zaidi ya tatu kwa saa. Watu waliokuwa wakipita mbele ya barza yake sasa walikuwa ng'ambo ya barabara. Neno hilo nililisikia kwake, wala hakuwa akifanya mzaha: "Mwenzangu fulani siku hizi simuoni, yuko ng'ambo kule." Hatua arubaini.

Karume aliuliwa tarehe 7 Aprili 1972 pale Kisiwandui, mwendo mfupi kutoka kwenye majumba yake, akiwa anacheza bao. Ujenzi uliendelea baada yake, kisha ukachoka. Majumba yalikuwa yaenee mbali zaidi, yalisimama kumi. Nyuma ya kila moja, ukipita tu pembeni, Ng'ambo ya kale ipo vilevile na mabati yake na vichochoro vyake, kama mtu aliyefunikwa shuka fupi. Hiyo ni bahati yetu. Mpango ungetimia wote, mimi nisingekuwa na la kupima.

Wachina walikuja na mpango wa 1982, na hao niliwabebea vigingi mwenyewe. Ulikuwa mpango wenye adabu: uliheshimu vilivyokuwepo na ukapanga mji utanuke. Kwa miaka 30 na zaidi ndio tuliokuwa tukiutaja, na mji ukatanuka kila pahala ambapo haukuambiwa utanuke. Katika afisi moja niliyowahi kukaa, karatasi za vichochoro tulizopima kwa miezi, mtaa kwa mtaa, ziliwekwa chini ya dari linalovuja. Masika ya kwanza zikashikana. Masika ya pili zikawa uji. Nilikuwa na mamlaka ya kuzihamisha hatua tano, sikuzihamisha kwa sababu kabati jengine lilikuwa la mkubwa. Nimeshaomba msamaha kwa waliokwisha kufa. Wanaostahiki kuombwa ni wao.

Wakati huohuo upande wa pili wa barabara ulianza kupendwa. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iliundwa 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Nafurahi. Lakini orodha ina mpaka, na mpaka ule ulipita palepale lilipopita hori. Milango ya Mjini ikapigwa mafuta na kupigwa picha. Milango ya Ng'ambo, mingine imechongwa na fundi yuleyule, ikauzwa kwa wenye hoteli ikavushwa barabara ikawa ya kale. Nyumba za mawe za Ng'ambo, na zipo, hazikuwa na jina. Ndiyo nikasema mwanzo tumefundishwa kusema Mji Mkongwe. Tulikuwa tukisema Mjini, basi, na Ng'ambo nayo ina ukongwe wake.

Katikati ya miaka ya 2010 Idara ya Mipango Miji na Vijiji, pamoja na Waholanzi wa African Architecture Matters na manispaa ya Amsterdam, walianzisha kazi waliyoiita Ng'ambo Tuitakayo. Nilikwisha staafu. Walikuja kunichukua nyumbani kwa sababu walisikia nakumbuka njia. Niliwaendea nikiwa na shaka. Nimeona wageni wengi na kalamu za rangi. Lakini hawa walianza na jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yao isipokuwa mzee wangu wa mnyororo: walitembea. Vijana walipita mtaa kwa mtaa wakaandika barza iko wapi, mti gani una kivuli, taarabu ilipigwa nyumba gani, kisima kipi bado kina maji. Hayo yakawa ramani, na 2019 yakatoka kitabu kizima, atlasi ya Ng'ambo. Wazo lao kubwa lilikuwa kwamba Ng'ambo isionekane tena kama uwani wa Mji Mkongwe. Iwe ndiyo kitovu cha mji, kwa kuwa ukitazama ramani ya Unguja ya leo, ilivyofika Mwera na Fuoni, katikati yake ni Michenzani. Vichochoro vibaki vya miguu. Barabara pana zipandwe miti, zipate njia za waendao kwa miguu na mahali pa kukaa, majumba yale kumi yapate maduka na barza chini yake.

Mengine yametokea kwa njia yake. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii umejenga jumba kubwa la maduka Michenzani, na jioni vijana wa Mjini huvuka kuja kununua Ng'ambo, jambo ambalo bibi angeomba aambiwe mara mbili. Mnara wa miaka 50 ya Mapinduzi umesimama Kisonge. Kwahani nako nyumba za kale zimevunjwa kupisha maghorofa, na nilipokwenda kuangalia niliona chokaa ukutani, alama ileile, mkono tu ndio mwengine. Sikukaa sana.

Katika mkutano mmoja wa Tuitakayo tulitandaziwa picha kubwa ya mji iliyopigwa kutoka juu, tukapewa vibandiko vyekundu, kila mtu abandike mahali anapopathamini. Wengi walibandika misikiti, viwanja vya mpira, miembe. Mimi nilibandika katikati ya barabara, baina ya jumba na jumba. Kijana aliyekuwa akitusimamia akaniambia kwa adabu, "Babu, hapo ni barabara. Hapana kitu."

Nikamwambia tupande vespa yake twende.

Barabara ile ina ukingo wa majani katikati, baina ya gari ziendazo na zirudizo. Majani yameota kote, ila pahala pamoja yamekatika, ardhi imeng'ara, imekanyagwa. Ni pale ilipopita njia ya mbele ya barza yetu kwenda Darajani. Nyumba zilivunjwa, njia ikafunikwa lami, na watu waliozaliwa miaka 30 baadaye, ambao hawakuiona, bado wanavukia palepale: wanawake na vikapu, watoto wa skuli, mtu na baskeli ya mikate. Nilikuwa na tepu mfukoni, tabia ya kazi. Nilimpa kijana ashike ncha moja, nikaikokota mpaka majani yalipoanza tena.

Futi saba na inchi mbili. Aliandika.